Nchi ya Kiatu Kimoja

Msiniulize nilifikaje. Mtu aliyewahi kufukuzwa kwenye miji mingi kama mimi hajishughulishi na njia, hujishughulisha na mlango. Na mlango wa nchi hii ulikuwa na ofisa, na ofisa alikuwa na swali moja tu.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Uso wake ukachanua. "Peke yako kabisa?"

"Kabisa, bwana mkubwa. Hata kivuli nimekiacha kwa jirani."

"Vizuri sana! Karibu, karibu." Kisha akatazama miguu yangu, uchangamfu wote ukamtoka. "Na hivi ni nini?"

"Viatu."

"Kwamba ni viatu naona. Nauliza, mbona viko hivyo?"

"Vikoje?"

Akainama, akaninong'oneza kama daktari anayempa mtu habari mbaya: "Viko pamoja."

Basi nikavuliwa cha kushoto. Wakakizungushia kitambaa kisije kikawaudhi wapita njia, nikaahidiwa kwamba nitarudishiwa nikiondoka. Nyuma ya yule ofisa, ambaye jina lake lilikuwa Bwana Pandu, palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Upepo," akasema Bwana Pandu, wala hakupepesa.

Nikaingia nikichechemea, nikakuta nchi nzima inachechemea.

Hapana budi niwaeleze nchi yenyewe, la sivyo mtasema nimekula kitu. Katikati yake kuna nyota. Hapo zamani nyota hiyo ilikuwa nene, nyekundu, inajaa mbingu. Uzee ulipoifikia ikavua tabaka zake za nje, kama mzee anavyovua kanzu joto likimzidi, kikabaki kiini kidogo, cheupe, chenye moto wa kutisha. Ile kanzu haikuanguka chini, maana huko hakuna chini. Ilitanda ikawa wingu la nuru, kijani huku, wekundu kule, na ndani ya kanzu hiyo ndimo watu hawa wanamoishi. Wana miji kwenye mikono yake na mashamba ya muhogo kwenye kola. Wanajimu wa kwetu, kwa kuyatazama mawingu ya namna hii kwa mbali na kwa vioo vibovu, waliyaita mawingu ya sayari, na sayari siyo iliyoyafanya. Lakini jina likishatolewa na wakubwa, ni kazi ya wingu kujirekebisha.

Nyota yao wanaiita Mtukufu Faridi. Imani yao, serikali yao na namna yao ya kuvaa viatu vyote vimesimama juu ya neno moja: Faridi yuko peke yake.

Shida ilikuwa ile kanzu. Nguo iliyovuliwa na mmoja, ikatanda pande zote sawasawa, ungetarajia iwe duara kama povu la sabuni. Hii ilikuwa na mabawa mawili makubwa, imebanwa katikati, kipepeo mtupu. Kwa nini? Vyuo vyao haviishi kugombana. Wa Chuo cha Upepo husema ni upepo. Wa Chuo cha Sumaku husema ni sumaku, na ukiwauliza sumaku hiyo imetoka wapi wanasema imeletwa na upepo. Wa Chuo cha Kiuno, ambao ndio wenye raha kuliko wote, hufundisha kwamba Mtukufu alipokuwa anavua alikata kiuno. Nilihudhuria mhadhara wao. Profesa alionyesha kwa vitendo mpaka akateguka nyonga, akabebwa kwa machela, wanafunzi wakipiga makofi na kuandika.

"Samahani," nikauliza kwa upole, "je, kama palikuwa na wa pili aliyemsaidia kuvua?"

Mtu mmoja akaenda kufunga dirisha.

Nilipanga kwa Bwana Vuai, karani wa Idara ya Kope, mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata akikusalimu. Salamu yenyewe huko ni "Hujambo peke yako?" na jibu ni "Sijambo peke yangu." Siku ya kwanza akanikaribisha mezani. Palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, na maandazi yaliyofura kama mashavu ya mpiga zumari.

"Nani aliyepika, Bwana Vuai?"

"Chakula kimeiva," akasema.

"Na nyumba safi namna hii?"

"Imefagika."

"Na hawa watoto watatu?"

Akaangalia dari. "Wametokea."

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, kikazibwa kwa kanga.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba yupo Bi. Mize. Kisheria hakuwa mke wala Mize, alikuwa "upepo wa nyumba", na kila mwanamume wa heshima nchini humo alikuwa na upepo wake nyuma ya pazia. Mwanamume huvaa kiatu cha kulia. Upepo huvaa cha kushoto, akatembea hatua moja nyuma. Bwana Vuai na Bi. Mize wakienda sokoni ulisikia ta-pa, ta-pa, ta-pa. Ta ya bwana, pa ya bibi. Ukifumba macho ungeapa ni mtu mmoja mwenye miguu mizima. Ndivyo watu wengi walivyoapa, maana kufumba macho ndiyo kazi yao kubwa, kama nitakavyoeleza. Ile methali yetu ya kidole kimoja na chawa imepigwa marufuku huko. Chawa wanastawi.

"Mgeni, umeshiba?" ikauliza sauti ya pazia.

"Nimeshiba, upepo. Nakushukuru."

"Basi upepo unaomba sahani zake."

Sasa ile sheria. Kila baada ya muda, nuru ya Mtukufu Faridi hupungua kidogo, kisha hurudi. Niliambiwa kwamba haipungui. Na kwa kuwa haipungui, kabla haijapungua Mkuu wa Pembe hupanda mnarani amevaa joho la zari, akapuliza siwa, na nchi nzima hufumba macho mpaka siwa ilie tena. Anayekaanga huendelea kukaanga gizani. Kinyozi huendelea kunyoa. Ndiyo maana wazee wengi wa huko masikio yao hayalingani.

"Mnafumba kwa nini?" nikamwuliza Bwana Vuai.

"Ili tusione."

"Msione nini?"

"Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, mkifumbua mtaona nini?"

"Ndiyo maana tunafumba, mgeni. Fikiria mtu afumbue akute hakuna kitu. Si atavunjika moyo?"

Nilikuwa bado nalitafuna hilo jibu siku maafa yalipotokea. Siwa ilikuwa imelia. Bi. Mize alikuwa jikoni anachoma maandazi, macho kayafumba kama raia mwema, akasikia miguu ya mwanawe mdogo ikija mbio kwenye karai la mafuta. Akafumbua. Akamdaka mtoto. Na katika kunyanyuka, uso wake ukaelekea dirishani. Hata hapo angesalimika, maana anayeona akanyamaza huko huhesabiwa kuwa kipofu. Kosa lake ni kwamba alicheka kwa furaha, akasema kwa sauti iliyovuka ua:

"Kumbe wako wawili, masikini ya Mungu!"

Askari wa Kope walikuja kumchukua kabla andazi halijageuzwa upande wa pili.

Adhabu ya kosa hilo ni kupelekwa Pindoni. Kanzu ya Faridi haikutulia mahali pamoja. Inazidi kutanuka na kukonda, na pindo lake la nje linafumuka uzi kwa uzi likiingia gizani. Anayepelekwa huko hufumuka nalo. Kuna kifungu kimoja cha zamani kinachoweza kumwokoa mtu: hatapelekwa Pindoni iwapo yupo atakayesimama barazani na kusema, "Mimi napungukiwa." Haijapata kusemwa. Anayesema napungukiwa amekiri kwamba alikuwa na zaidi ya nafsi yake, na katika nchi ya peke yake huko ni kujivua nguo mbele ya wakwe.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bwana Vuai amesimama mbele ya jiko, analikazia macho kama mtu aliyetukanwa na jiko.

"Chakula hakijaiva," akasema.

"Hakijaiva, bwana."

"Kwa kawaida kinaiva."

"Bwana Vuai, kesho utasema lile neno?"

Akakaa juu ya kinu. "Nikilisema sina kazi. Sina jina. Wataniita Nusu. Watoto wangu wataitwa robo."

"Na usipolisema?"

Mtoto mdogo akaja anachechemea, akamvuta kanzu. "Baba, upepo umekwenda wapi?"

"Nje," akasema Bwana Vuai.

"Utarudi?"

Bwana Vuai akaanza kutafuta chumvi. Akafungua kopo hili, akafungua lile, akafungua hata mtungi wa maji. Hakuiona. Nilimwacha humo jikoni, amelishika kopo la pilipili, analia. Pilipili ilipata lawama.

Baraza la Kope hukutana uwanjani, chini ya nuru ya Faridi. Jaji, Mheshimiwa Khelef, mtu wa kitambi na miwani, hukaa juu ya kigoda chenye mguu mmoja, kwa heshima ya itikadi. Hukumu zake zote hutolewa akiyumba. Nyuma yake pazia. Nyuma ya kila mzee wa baraza pazia. Ukitazama vizuri ungedhani ni duka la vitambaa linalotoa hukumu.

"Mshtakiwa," akasema Jaji, "unadaiwa kwamba uliona. Uliona nini?"

"Kile mnachokifumbia, mheshimiwa."

"Hatukifumbii kitu!"

"Basi ndicho hicho hicho nilichokiona."

Watu wakacheka, kisha kila mmoja akamtazama mwenzake kuona ni nani aliyecheka.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi mgeni, naomba kuuliza." Wageni huko huruhusiwa swali moja, kwa kuwa huhesabiwa hawana akili. Nikamgeukia Mkuu wa Pembe, Mwinyi Machano, mzee mrefu mwenye ndevu zilizosukwa, aliyekuwa amekumbatia siwa yake ya shaba kama bibi harusi. "Mwinyi, ukipuliza sote tunafumba. Wewe unajuaje wakati wa kupuliza?"

"Kwa mapokeo ya baba na babu," akasema, kidevu juu.

"Na babu alijuaje?"

"Kwa unyenyekevu."

"Unyenyekevu una macho?"

"Mgeni akae!" akapaza Jaji. Nilitaka kutii, lakini kigoda nilichopewa nacho kilikuwa cha mguu mmoja, nikaenda nacho mpaka chini, na hoja yangu ikaishia hapo.

Jaji akayumba, akatoa hukumu: Pindoni. Akauliza, kwa kuwa sheria inamtaka aulize, na kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna mwenye kutaka kufa, "Yupo anayepungukiwa?"

Nilimtafuta Bwana Vuai kwa macho. Alikuwa katika safu ya makarani, mikono kifuani, anatazama kiatu chake. Bi. Mize naye alikuwa anamtazama, hakumtupia hata jicho la kumsihi. Akatabasamu tu, kama anavyotabasamu mtu aliyemwona mwenzake anatafuta chumvi mahali pasipo.

"Hayupo," akasema Jaji. "Mwinyi, mnarani."

Hapa niwaambieni desturi yao moja iliyonitia baridi katikati ya vicheko vyote. Hukumu za Pindoni hutekelezwa siwa ikishalia, wakati watu wote wamefumba, hata askari wenyewe, wanaokwenda wakishika kamba. Kwa namna hiyo hakuna aliyemchukua mtu, na hakuna aliyeona mtu akichukuliwa. Mtu hupungua tu, kama ile nuru isiyopungua.

Siwa ikalia. Tukafumba. Nami nilifumba, nimeshakula fimbo za kutosha duniani, na askari aliyekuwa kando yangu alikuwa na ya mkwaju.

Gizani nikasikia kiatu cha kushoto kikiondoka.

Pa.

Pa.

Pa.

Sijapata kusikia sauti iliyokuwa na nafasi kubwa namna ile ndani yake. Kila baada ya pa, sikio lilikuwa linangoja kitu, hakiji. Nadhani uwanja mzima ulikuwa unangoja, maana hakuna aliyepumua. Ikasogea mbali. Ikafika karibu na lango.

Ta.

Mtu akaguna. Pa, kikasema cha kushoto, halafu kikasita. Ta, ta, ta, ta! Cha kulia sasa kilikuwa kinakimbia, kinajikwaa kwenye vigoda, kinaangusha makarani.

"Mimi!"

"Nani huyo?" akauliza Jaji, macho kayafumba.

"Vuai, karani wa Kope! Mimi napungukiwa! Huyo si upepo, huyo ni Mize! Watoto hawakutokea, kawazaa yeye! Mheshimiwa, mimi bila huyu sijui hata chumvi inakaa wapi!"

"Iko nyuma ya unga, Vuai," ikasema sauti ya Bi. Mize langoni. "Miaka yote iko nyuma ya unga."

Hapo mtu mmoja alicheka. Na kucheka sana huku umefumba macho ni kazi ngumu, jaribuni. Akafumbua. Wa pili akafumbua kumtazama wa kwanza. Kisha uwanja mzima ukafumbua, na kwa kuwa Vuai alikuwa amesimama amenyoosha kidole juu, wote wakatazama juu.

Nuru ilikuwa imepungua. Na mbele ya uso mweupe wa Mtukufu Faridi kilikuwa kinapita kinyota kidogo, kizito, cheusi upande wetu, kimemkaribia mno, kama mtu anayempangusa mwenzake jasho. Kilipoanza kugeuka tukaona ukingo wa upande wake wa pili, ule uliomwelekea yeye, unawaka wekundu kama shavu la mpishi lililokaa karibu na moto.

Hakuna aliyekufa. Mtukufu Faridi hakuzimika kwa aibu. Aliyeanguka ni Jaji, na kutoka nyuma ya pazia lake ukatoka mkono wenye bangili, ukamshika kwapa.

"Nyanyuka, baba Arafa. Utaumia."

"Ahsante, mke wangu," akasema Jaji, na neno likiwa limeshatoka halikurudi.

Basi ikawa rabsha. "Na mimi napungukiwa!" akapaza mzee mmoja. "Mimi napungukiwa tangu ujana!" akapaza mwingine. Mapazia yakaanguka kama majani ya mkungu. Profesa wa Kiuno, aliyeletwa kwa machela yake, akainua mkono: "Hata mimi napungukiwa!" na mkewe akamjibu kutoka nyuma ya machela, "Wewe unapungukiwa akili, tulia wakukande!"

Katikati ya makelele hayo mtu mmoja akakumbuka kutazama mnarani. Mwinyi Machano alikuwa huko, siwa mdomoni, macho yake yote mawili yako wazi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Hayakuwa macho ya mtu aliyefumbua sasa hivi.

"Mwinyi!" akaita Jaji. "Wewe ulikuwa unaona siku zote?"

"Kila mara," akasema Mwinyi Machano, na ule ukuu wote ukamtoka akawa kama bwana harusi. "Kila mara, mheshimiwa, na sina wa kumwambia! Mnajua huyu mdogo alikuwa ndani ya kanzu pamoja naye? Mzee alipovimba alimfunika. Naye hakutoka. Akazunguka humo ndani, akazunguka, kama mwiko ndani ya sufuria, mpaka kanzu ikamvuka mzee, ikaruka huku na huku. Haya mabawa ni kazi yake! Jamani, tunaishi ndani ya kazi yake!" Kisha akaketi mnarani akasimulia mpaka watu wakachoka. Alikuwa na ya kusimulia ya umri mzima.

Bi. Mize alirudi nyumbani. Hakwenda hatua moja nyuma. Alikwenda mbele, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuona jiko limefanywa nini. Bwana Vuai alimfuata akijaribu kulinganisha miguu: pa-ta, pa-ta.

Msidhani serikali ililala. Baraza lilikaa palepale, likatoa sheria mpya. Mtukufu Faridi ni wawili. Wamekuwa wawili siku zote. Aliyepata kusema vinginevyo, yaani watu wote, amesamehewa. Siwa sasa italia ili watu wafumbue, na atakayepepesa atakiona. Chuo cha Kiuno kikaongeza kiuno kimoja kwenye mtaala. Idara ya Kope ikaajiri askari zaidi, wa kushika watu kope zisifunge. Bi. Mize alipewa cheo cha Shahidi Mkuu, akakikataa, akasema maandazi yake yameshaungua mara moja kwa mambo ya watu wakubwa, inatosha.

Siku ya kuaga tulikuwa tumekaa uani, mimi, yeye na Bwana Vuai, ambaye alikuwa anafundishwa kukanda unga na kubebeshwa lawama zake zote. Mimi nimeuza mitumba nusu ya maisha yangu, jicho langu halipitwi na nguo iliyokaa upande. Nikatazama juu.

"Bi. Mize, lile bawa la kushoto mbona limepinda? Wawili wakivuta sawasawa, halipindi vile. Isije ikawa yuko wa—"

Akaangalia juu, akakaa anaangalia. Akamwangalia mumewe. Akawaangalia askari wapya waliokuwa wanapita barabarani na vibano vyao vya kope. Kisha akanitia andazi mdomoni, zima.

"Tafuna, mgeni," akasema. "Waache kwanza wazoee wawili."

Langoni nilimkuta Bwana Pandu. Swali lake lilikuwa lile lile.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Uso wake ukasinyaa. "Masikini! Peke yako kabisa?"

"Kabisa. Naomba kiatu changu cha kushoto, niende."

Akakohoa, akatazama pembeni. Pazia halikuwapo tena. Mahali pake aliketi mama mmoja mnene, mchangamfu, amenyoosha miguu, na kwenye mguu wa kushoto kiatu changu kilikuwa kinang'aa kuliko nilivyopata kuking'arisha mimi.

"Changu kilitoboka zamani, kwa kumfuata huyu," akasema, akimwelekezea Bwana Pandu kidevu. "Hiki kimenikaa."

"Lakini mama, hicho ni changu."

"Najua, mwanangu. Kwani wewe una wa kutembea naye?"

Nilifungua kinywa, nikatafuta jibu, nikalikosa kama Vuai alivyoikosa chumvi. Wakanisindikiza mpaka mwisho wa ua, wakicheka, ta-pa, ta-pa, wakasimama hapo wananipungia mkono. Nikaenda zangu nikichechemea kwenye nuru ya wale wawili, ta, na ta, na ta, na kila baada ya hatua sikio langu linangoja ile nyingine.